Sanduku la kufuli tatu: tumepima chuma, muhuri, na nani anakaa juu ya nani

Mafundi wa kuchomelea wa Mbeya huyapanga nje, kando ya majiko ya mkaa na mageti: masanduku ya chuma, mengi ya bluu au kijani, kila moja na masikio matatu ya kufuli. Wanunuzi ni vikoba na vikundi vya hisa, ambamo watu huweka akiba pamoja na kukopeshana. Muuzaji atakwambia sanduku linazuia wizi. Ni kweli kwa kiasi, ila mwizi wa usiku ndiye tatizo dogo kuliko yote ya kikundi. Kazi kubwa ya sanduku hili ni kumzuia mwenye pesa nyingi asizigeuze kuwa amri juu ya wenzake. Kwa kazi hiyo tunalipatia sanduku alama nzuri, tukiwa na manung'uniko kadhaa, na manung'uniko yenyewe ndiyo yatakayochukua sehemu kubwa ya andiko hili.

Mtindo huu ulianza Niger mwaka 1991, eneo la Maradi, kwa vikundi vya wanawake vilivyosaidiwa na shirika la CARE. Hapa kwetu jina lililoshika ni VICOBA (benki za jamii za vijijini), zenye mpangilio wake: watu hadi 30, wakagawanywa watano watano wanaodhaminiana. Vikundi vingi vya Nyanda za Juu Kusini vimechanganya mitindo hii miwili, na vingine vimeongeza upatu juu yake. Sanduku ni lile lile.

Tuanze na chuma. Kwa watu 25, sanduku la sentimita 40 kwa 25 kwa 20 linameza pasibuku zote (vitabu vya hisa vya wanachama), daftari, muhuri, kidau cha wino, kikokotoo na mifuko miwili ya kitambaa. Likitengenezwa kwa bati la geji 18, lenye unene wa milimita 1.2 hivi, litakuwa na kilo nne na kitu kabla ya kufuli. Mama mtu mzima analibeba kichwani, au analifunga nyuma ya bodaboda bila kuita msaada. Vikundi vingi huagiza kubwa zaidi kwa kupenda fahari, na hapo mambo huanza kuharibika kabla hata shilingi haijaingia. Sanduku la kilo kumi linahitaji mtu mwenye pikipiki, nyumba ya matofali ya kuchoma na mlango wa chuma. Katika kijiji kizima watu wa namna hiyo ni wanne au watano, na kila mtu anawajua. Mtunza sanduku atatoka humo humo, mwaka huu na mwaka ujao. Kura itapigwa ndiyo, lakini uzito wa bati utakuwa umeshachagua.

Ubaya wa pili wa sanduku kubwa ni kwamba linazoesha pesa kulala ndani. Kikundi kinachokwenda vizuri hurudi nyumbani na sanduku karibu tupu, kwa sababu hisa za leo zimetoka leo leo kama mikopo. Ukiona sanduku zito kila wiki, uliza nani ananyimwa mkopo.

Bati la geji 22 ni la bei nafuu na linapendeza kwa rangi, ila bisibisi ya kawaida inalikunja pembeni ya kifuniko. Angalia pia bawaba. Fundi mvivu huweka bawaba za mlango wa kabati kwa nje, zenye pini inayotoka kwa kugongwa na msumari. Kufuli tatu mbele hazina maana kama nyuma panafunguka kwa msumari mmoja. Masikio ya kufuli yachomelewe, yasifungwe kwa bolti zenye nati inayofikika kwa nje. Mwambie fundi akufungulie kifuniko, upitishe kidole kwa ndani kwenye kila sikio: ukigusa kichwa cha skrubu, rudisha.

Kufuli ndizo zinazowaangusha wengi. Kufuli tatu za bei rahisi zilizotoka kwenye katoni moja mara nyingi zinafunguliwa na ufunguo mmoja, na watu hawagundui mpaka siku mshika ufunguo wa pili amechelewa na mtu akajaribu wake kwa utani. Nunua za aina tatu tofauti, katika maduka matatu tofauti. Kabla ya kulipa, jaribu kila ufunguo kwenye kila kufuli: funguo tatu kwa kufuli tatu ni majaribio tisa, na yanayotakiwa kufungua ni matatu tu. Halafu kuna funguo za akiba. Kila kufuli huja na mbili au tatu, na swali la ziko wapi zile nyingine halina jibu katika vikundi vingi. Zitiwe kwenye bahasha, igundishwe, wote wasaini juu ya gundi, ikahifadhiwe mahali nje ya kikundi panapoaminika, kama kanisani, msikitini au ofisi ya kijiji. Zikikaa kwa mwenyekiti, sanduku lenu ni la kufuli moja.

Sasa mpangilio wa watu, ambao ndio unaouzwa hasa ndani ya hilo bati. Kamati ina watano: mwenyekiti, katibu, mtunza sanduku na wahesabu fedha wawili. Washika funguo ni watatu wengine, nje ya kamati. Mtunza sanduku analala nalo lakini hana ufunguo. Mshika ufunguo ana ufunguo lakini hana sanduku. Mwenyekiti ana sauti, hana sanduku wala ufunguo. Aliyebuni alielewa jambo ambalo jamii zisizo na watawala zimelijua siku zote, kwamba cheo huota pale mali inapokaa sehemu moja kwa muda mrefu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wana kamari yao ya lukuchuko, ambamo wanaume hushindania mishale na vitu vingine kwa kurusha vipande vya gome. Mali inazunguka, na hakuna anayekaa nayo muda wa kutosha kuwa bwana wa mwenzake. Sanduku linafanya hivyo hivyo bila kamari.

Linafeli pale udugu unapoingia mlango wa nyuma. Mtunza sanduku ni mama, mshika ufunguo wa kwanza ni mkwe wake anayeishi ua huo huo, wa pili ni jirani anayelima shamba la mama kwa kukodi. Kwenye karatasi ni watu watatu. Jioni, kwenye moto wa jikoni, ni mtu mmoja. Kwa hiyo kanuni ya "asiwe ndugu" haitoshi. Ongeza maswali mawili: wanapika jiko moja? Kuna anayemdai au kumkodisha mwenzake kitu? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, tafuta mshika ufunguo mwingine. Na wabadilishwe kila baada ya miezi mitatu, kwa kuchomoa namba kwenye kofia, si kwa kupendekezana.

Muhuri na pasibuku tunavipa alama za juu kuliko chuma chenyewe. Kila mwanachama ana namba, anakaa kwa mpangilio wa namba, na anaitwa kwa namba. Shikamoo na mengine yote yamekwisha mlangoni. Hapa ndani afisa mstaafu ni namba kumi na nne.

"Namba saba."

"Nipo."

"Hisa ngapi, mama?"

"Tatu."

Anaweka elfu sita kwenye beseni, wahesabu wanahesabu kwa sauti, katibu anagonga muhuri: ko, ko, ko. Kwenye mstari wa wiki hiyo kuna viboksi vitano. Vitatu vina alama, viwili vilivyobaki vinapigwa mstari wa kalamu palepale ili asije mtu kuvijaza usiku. Pasibuku inarudi kwenye beseni la pili, si mkononi. Haitoki nje ya sanduku mpaka kikao kijacho.

Alama inagongwa badala ya kuandikwa tarakimu kwa sababu mtu asiyesoma anahesabu mihuri kama anavyohesabu debe za mahindi. Hilo peke yake linamshusha katibu ngazi moja. Kijijini aliyeshika kalamu huwa mkubwa bila kuchaguliwa, kwa kuwa wengine wote inabidi wamwamini. Hapa bibi wa miaka sabini anafungua ukurasa wake, anahesabu kwa kidole, na akiona arobaini na moja wakati alitarajia arobaini na mbili, kikao kinasimama. Muhuri usiwe wa nyota wala "IMELIPWA" unaouzwa kwa kila muuza vifaa vya ofisi. Chongesha wenye umbo lisilo la kawaida, na urudi na ile sampuli ya kwanza aliyojaribia fundi kwenye karatasi.

Tufike kwenye viboksi vitano, maana hapo ndipo watu hupanda na kushuka. Mwanachama hanunui chini ya hisa moja wala zaidi ya tano kwa kikao. Wengi hudhani ukomo wa juu umewekwa kwa ajili ya usalama. Tazama unavyofanya kazi kwa hesabu. Tuchukue kikundi cha mfano, watu 25, hisa moja 2,000, kikao kila wiki, wiki 48, mahali pa mpakani mwa Uporoto na Rungwe ambapo watu wanauza viazi na maziwa.

Bosi wa viazi ana fedha miezi mitatu kwa mwaka. Siku akishusha mzigo anaweza kuweka 300,000 mezani kwa mkupuo, yaani hisa 150 kwa siku moja. Sanduku linakataa. Linapokea tano, linamwambia arudi wiki ijayo. Katika wiki zake 12 za neema ananunua tano tano, hisa 60. Wiki 36 zilizobaki, fedha ikiwa ardhini au kwa dalali, ananunua moja moja: 36. Jumla 96, sawa na 192,000. Mama anayeuza maziwa lita chache kila asubuhi hawezi kamwe kuweka 300,000 mezani, ila kila wiki ana elfu sita. Tatu tatu kwa wiki 48 ni hisa 144, sawa na 288,000.

Mkopo ni mara tatu ya akiba. Mwisho wa mzunguko, mama wa maziwa ana haki ya kukopa hadi 864,000, bosi 576,000. Mtaani bosi anaitwa bosi, ana lumbesa zake na watu wanampisha njiani. Ndani ya kikao yuko nyuma ya mama ambaye jana tu yeye bosi alikuwa anamkopesha debe la mahindi. Sanduku limebadilisha kipimo cha ukubwa, kutoka mtu ana kiasi gani siku moja kwenda anaweza kuleta kiasi gani kila wiki. Mwenye ng'ombe wawili wa maziwa, muuza ndizi, mchuma chai anayelipwa kila mwezi: hawa wanapanda. Mwenye mavuno makubwa ya mara moja, awe wa viazi, wa mpunga wa Usangu au wa kahawa ya Mbozi, anashuka. Kama kikundi chenu kina watu wa aina moja tu ya kipato, hamtaona mageuzi haya, na nusu ya faida ya sanduku mtakuwa mmeikosa.

Bosi naye hajalala. Ukomo wa tano ni kwa pasibuku, na pasibuku ni za watu, na watu wanafungamana. Anamwingiza mkewe, anamwingiza shemeji. Pasibuku tatu sasa: wiki za neema hisa 15, wiki za ukame tatu. Kumi na tano mara 12 ni 180, tatu mara 36 ni 108. Jumla hisa 288, mara mbili ya mama wa maziwa kamili. Ukomo wa mkopo wa nyumba hiyo ni 1,728,000, na kura ni tatu kati ya 25. Hakuvunja kanuni hata moja.

Hili tunaliita hisa za kivuli, na ndilo kosa kubwa la bidhaa: chuma hakioni undugu. Dalili zake zinaonekana kwenye pasibuku ukizipanga kando kando. Mihuri inapanda na kushuka wiki zile zile, tano-tano-tano halafu moja-moja-moja, kwa watu waliojiunga siku moja na wenye namba zinazofuatana. Angalia pia nani anaomba mkopo na nani anaondoka na hela. Shemeji anapokea kwa saini yake, lakini noti zinahesabiwa tena na mtu mwingine chini ya mwembe. Dawa yake haiko dukani. Namba za kukaa zigawiwe kwa bahati nasibu. Watu wa nyumba moja wasizidi wawili. Na mdhamini wa mkopo asitoke nyumba ya mkopaji, maana mkopo ukikwama mtadai mlango mmoja mara mbili.

Kivuli cha pili ni cha upole zaidi na ni kigumu kukishika. Mtu mwenye nafasi anawalipia wenzake hisa ya lazima wanapokwama: "Chukua dada, utanirudishia." Elfu mbili, si kitu. Baada ya miezi minane kuna watu sita ambao hawawezi kumpinga kwenye kikao, na hakuna hata mmoja aliyesaini deni. Wanaosoma tabia za makundi ya watu hutenganisha ukubwa wa namna mbili: wa kuogopwa, kwa sababu mtu anashika unachokihitaji, na wa kuheshimiwa, kwa sababu mtu ana ujuzi au msaada unaoutaka kwa hiari yako. Huyu wa kulipia wenzake anaanza na wa pili na kumalizia na wa kwanza, na mara nyingi mwenyewe hajui amevuka lini. Tiba rahisi ni kuruhusu hisa sifuri mara tatu kwa mzunguko bila faini. Vikundi vingi vinaona hiyo ni kulegea. Tunaona faini ya kukosa hisa ndiyo inayomtengenezea tajiri wafuasi.

Faida nayo ihesabiwe kwa macho makavu. Katika mfano wetu, tuseme wastani wa kila mtu ni hisa 120; watu 25 ni hisa 3,000, sawa na 6,000,000. Riba na faini zikileta 1,500,000, siku ya kuvunja, yaani ya kugawana fedha zote mwisho wa mzunguko, kila hisa ya 2,000 inakuwa 2,500. Mama wa maziwa anaondoka na 360,000. Mwenye hisa moja moja, hisa 48, anaondoka na 120,000. Faida yake ni 24,000. Lakini kama huyo wa mwisho alikopa 100,000 kwa miezi mitatu kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, alilipa riba 30,000. Amepata 24,000, ametoa 30,000. Elfu sita zake zimepanda juu kwa wenye hisa nyingi ambao hawakukopa kabisa. Bado ni nafuu ukilinganisha na kausha damu ya mtaani, mikopo ya riba kali ambayo inakula hadi kitanda, lakini isiitwe usawa. Vikundi vinavyotaka mdogo asishuke vinapunguza riba hadi asilimia 5, ambapo angelipa 15,000. Wakubwa hupinga. Hapo ndipo utajua kikao kinaendeshwa na nani, na wakati mwingine jibu linashangaza.

Fedha ikiwa pungufu siku ya mikopo, kanuni nzuri ni kupunguza maombi yote kwa uwiano sawa. Kanuni mbaya, ambayo ni ya kawaida, ni mwenyekiti kupanga nani aanze. Ukimpa mwenyekiti foleni umempa kikundi.

Mfuko wa jamii, ule mfuko wa pili wa kitambaa, kila mtu anauchangia kiasi kile kile, mathalani 500 kwa kikao, bila kujali hisa. Ni kwa misiba, ugonjwa na majanga, hauna riba. Andikeni mapema ni misiba ya nani: mwenza, mtoto, mzazi, na mwisho mara ngapi kwa mzunguko. Bila hivyo, mwenye ukoo mpana atauchota wote kufikia Machi. Mifuko miwili iwe na rangi tofauti, na mwisho wa kikao salio la kila mmoja litangazwe, wote wakariri, na kikao kijacho kianze kwa kuuliza mtu yeyote: "Tuliacha shilingi ngapi?" Zoezi hili lisilogharimu kitu ni imara kuliko kufuli zote tatu. Mtu akibadilisha daftari, inabidi abadilishe na vichwa 25.

Kuhusu hali ya hewa kwa kifupi. Sehemu za Rungwe zinapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sanduku lisilopakwa rangi ya kuzuia kutu kwa ndani litaanza kuwa na madoa msimu wa kwanza tu. Pasibuku ziwekwe kwenye mfuko wa nailoni. Wino wa maji unachuruzika kwenye karatasi yenye unyevu mpaka mihuri miwili inaonekana mmoja; tafuta wino wa mafuta. Usangu tatizo ni kinyume, kidau kinakauka, kifunikwe vizuri. Kufuli ziwekewe tone la mafuta ya cherehani kila mwezi.

Kuna wanaouliza kama pochi ya kikundi ya kwenye simu haijaliua sanduku. Ni salama zaidi kwa fedha nyingi, na wiki za mwisho kabla ya kuvunja, mikopo yote ikiwa imerudi, tunashauri kabisa msilale na fedha hiyo kwenye bati. Lakini simu imehamisha kikao. Watu wanatuma hisa wakiwa shambani, hakuna anayemwona mwenzake akiweka, na anayeelewa menyu anakuwa katibu wa kudumu. Bibi yetu wa mihuri arobaini na mbili amerudi kumwamini mjukuu. Tumieni vyote viwili: simu kwa kuhifadhi, sanduku na pasibuku kwa kuhesabiana.

Usajili, kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, unaviweka vikundi hivi daraja la nne, na unafanyika kupitia halmashauri. Fanyeni. Ila mjue karatasi inafungua mlango wa fedha za nje, ikiwemo ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Siku fedha ya nje inapokaribia, ngazi zinapangwa upya kwa wiki moja. Mwenye hisa 144 hana maana tena. Anapanda anayefahamiana na watu wa ofisini, anayejua kujaza fomu, mwenye nauli ya kwenda wilayani mara nne. Fedha ya halmashauri iwe na daftari lake na wasimamizi wake, wasiwe wale wale watano wa kamati.

Kalenda ya kuvunja ndiyo ya mwisho. Desemba inapendwa kwa ajili ya sikukuu, na fedha huishia kwenye nguo na kreti. Kwa mvua zetu, zinazoanza kati ya Novemba na Desemba, kuvunja mwanzoni mwa Novemba kunawakuta watu wanahitaji mbegu na mbolea, na kidogo kinabaki kwa ada ya Januari. Anayekosa mbolea Novemba atakopa kwa mwenye nayo na kulipa kwa magunia wakati wa mavuno, na hapo kazi yote ya mwaka ya viboksi vitano imefutwa kwa mkataba wa mdomo.

Uchaguzi ufanyike siku hiyo hiyo, na saa yake ina maana. Ukifanyika wiki moja kabla, mikopo haijarudi yote, na mdaiwa hapigi kura mbele ya anayemdai kama mtu huru. Ukifanyika mzunguko mpya ukishaanza, watu wameshaanza kudaiana tena. Wazee wa Kinyakyusa walikabidhi uongozi kwa kizazi kipya kwenye sherehe ya ubusoka, mara moja kwa kizazi. Kikoba kina nafasi hiyo kila mwaka, ila inadumu kama nusu saa. Ni pale hisa zote zimehesabiwa, kila mtu ana furushi lake mbele yake kwenye mkeka, hakuna anayemdai mwenzake hata senti, na sanduku limepinduliwa wote waone liko tupu. Wekeni makopo ya rangi tofauti nyuma ya pazia au kanga, kila mgombea na kopo lake, kila mtu na punje moja ya haragwe mkononi. Mlangoni asimame mtu, maana wenye mafurushi makubwa huwa wa kwanza kuaga.